Kunakili Mkono wa Marehemu

Siku ninayoikumbuka zaidi, mwanangu, si ya harusi yangu wala ya msiba wangu. Ni Jumamosi, tarehe 19 Agosti 1989, siku ambayo Mzee Zefania, mwalimu wa kwaya ya usharika wetu hapa Shelui, aliniambia niweke kalamu chini. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, mjane ambaye hata mwaka hajautimiza, na sikuwa nimezoea kuamriwa.

Nakuandikia wewe kwa sababu nimekuona. Unafika kanisani mapema na simu yako na karatasi ulizochapisha mjini Singida: nota za jazi ya piano ambazo mtu fulani wa mbali amezinakili kutoka kwenye rekodi, moja baada ya nyingine, bila kuacha hata ile iliyoguswa kwa bahati mbaya. Unazipiga kama zilivyo. Wenzako wa kwaya ya vijana wanasema unapiga kinanda kama mtu anayesoma mita ya maji. Mimi sicheki. Njia hiyo naijua, nimeipita, na mume wangu aliipita kabla yangu.

Mume wangu, Mwalimu Yeremia, alijifunza jazi kwa santuri. Daktari mmoja wa misheni, aliporudi kwao Marekani, aliacha kule mlimani, kwenye hospitali ya misheni, piano moja kuukuu na sanduku la santuri za wapiga piano wa nchi yake. Nasema jazi ya piano, si zile bendi zetu za dansi zilizopenda kujiita jazi, ingawa nazo nilizicheza na sijutii. Yeremia alikuwa akipanda mlima mwisho wa juma, anaweka sindano juu ya santuri, anasikiliza kipande kidogo, anainua sindano, anaitafuta nota hiyo kwenye piano mpaka aipate. Hakuwa na mwalimu mwingine. Alinakili mikono ya watu wasiomjua, mwaka baada ya mwaka, mpaka mikono yake mwenyewe ikaanza kusema mambo yake. Hapo ndipo alipouchukua wimbo wa kupura mtama, ule waliouimba mama zetu wa Kinyiramba wakiwa na fimbo mikononi, akaupiga kijazi. Ulikuwa ni wimbo uleule, lakini umevaa koti.

Mimi nilimfahamu katika kisomo. Utotoni sikupelekwa shule, nilichunga mbuzi. Nilijifunza kusoma nikiwa msichana mkubwa, katika darasa la watu wazima alilolifundisha yeye, na baadaye akanifundisha kuandika nota za do, re, mi. Sioni aibu kulisema hilo. Wapo waliopelekwa shule wakiwa na miaka saba ambao leo hawakumbuki waliolewa tarehe ngapi. Ila kuna jambo moja nimeligundua kwa kuchelewa: mtu aliyejifunza kusoma akiwa mkubwa huamini maandishi kupita kiasi. Huona kwamba kilichoandikwa kimepona, na kisichoandikwa kimekwisha kupotea.

Yeremia alifariki mwezi wa Oktoba mwaka uliotangulia. Aliniacha na watoto na kanda moja ya kaseti, ambayo aliirekodi mwenyewe kule mlimani, akiupiga ule wimbo wa kupura mtama. Hatukuwa tumerekodi kitu kingine. Hakuna mahali alipozungumza, hakuna mahali alipocheka. Piano yenyewe ilikuwa imekwisha kubebwa na lori, na sikuambiwa ilikopelekwa. Kwa hiyo chote kilichobaki cha mtu yule, nje ya kumbukumbu zangu, kilikuwa ndani ya utepe ule mwembamba, na utepe ulikuwa umeanza kuchoka. Kila nilipousikiliza, mlio wake ulizidi kufifia kama nguo inayofuliwa.

Nikaamua kuunakili wote, nota kwa nota, kabla haujafa. Siku ya kuweka msalaba kaburini ilikuwa imepangwa mwezi wa Septemba, na nilikuwa nimewatangazia ndugu zake na akina mama wa kanisa kwamba siku hiyo nitaupiga kama alivyoupiga yeye. Betri nilizianika juani ili zipate nguvu tena. Kanda niliirudisha nyuma kwa kuizungusha na kalamu, maana kurudisha kwa redio kunamaliza betri. Nikasikiliza, nikaandika, nikaenda kanisani kujaribu kwenye kile kinanda cha kukanyaga, nikarudi. Kinanda kile hakikuwa na haraka ya jazi hata kidogo. Ukibonyeza leo kinaitikia kesho. Lakini nota zilikuwa sahihi. Nilikuwa na hakika nazo kama nilivyokuwa na hakika na jina langu.

Ndipo Jumamosi ile nikamwita Mzee Zefania aje anisikilize. Alikuwa mzee wa umri wa baba yangu, na ndiye aliyempokea Yeremia kwenye kwaya akiwa kijana. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi kwenye benchi la mbele, akafumba macho. Nilipiga mwanzo hadi mwisho bila kukosea.

Akafumbua macho, akasema, "Umeipata yote, Mama Naomi. Hata vilema umevipata."

"Vilema gani, Mzee?"

"Pale katikati. Wimbo unapanda, unafika kwenye nota ya la, wewe unairuka. Kila unapofika hapo unairuka. Unachechemea."

"Siruki mimi. Yeye ndiye aliyeiruka. Njoo uone, nimeandika."

"Sikuja kuangalia ulichoandika. Ile la ya piano ya mlimani ilikuwa bubu. Panya walikula kitambaa ndani, ukilibonyeza jino lake linashuka lakini halitoi sauti. Mumeo alikuwa anaruka shimo. Wewe kinanda chako ni kizima, unaruka nini?"

Mwanangu, nilikasirika. Nilimwambia, kwa heshima lakini kwa sauti kavu, kwamba nikiijaza nota ambayo Yeremia hakuipiga, basi huo si wimbo wake tena, ni wangu, na wangu siutaki. Nilimtaka yeye. Nilitaka vidole vyangu vipite mahali vilipopita vyake, hata kama ni kwenye shimo.

Mzee hakubishana. Aliniomba niilete redio. Nilipoiweka juu ya benchi na kuchukua karatasi yangu ili nifuatilie, akaifunika kwa kiganja chake.

"Weka kalamu chini. Karatasi iache. Umesikiliza mikono yake miezi mingapi? Sasa sikiliza mtu."

Tukasikiliza. Wimbo ukapanda, ukafika mahali pale, na mikono ikaruka. Na katika nafasi ile, chini kabisa, nyuma ya mvumo wa kanda, palikuwa na kitu. Nilikuwa nimekisikia mara zisizo na idadi na kukidhania upepo wa mlimani, kwa sababu kule upepo haukomi. Haukuwa upepo. Ilikuwa ni sauti ya mwanamume, mdomo umefungwa, anaguna nota moja fupi: la. Piano iliponyamaza, Yeremia aliijazia kwa koo lake mwenyewe, mara ile moja tu katika kanda nzima, pengine bila kujua, kama mtu anavyoguna akiinua mzigo.

"Umemsikia?" Mzee akauliza.

Nikanyoosha mkono niirudishe kanda nyuma.

"Basi izime. Kanda imechoka. Leo inatosha."

Hapo ndipo nilipopaswa kumtii mzee wangu, na sikumtii. Nenda nyumbani ukae na sauti ya mume wako iliyo ndani ya kisanduku, uambiwe inatosha, uone kama utaweza. Sikusikiliza tena wimbo mzima. Nilisikiliza mahali pale tu. Narudisha kwa kalamu, nasikiliza ule mguno, narudisha. Wakati mwingine nilidhani ananiita. Watoto walizoea kunikuta nimeinamia redio, wakapita kimya. Na utepe ukalika mahali pale pale nilipoupenda. Wiki ya mwisho kabla ya kuweka msalaba, redio ilikula kanda. Nilipoitoa ilikuwa imejikunja na kukatika. Fundi wa redio aliyekuwa karibu na maegesho ya malori aliiunga vizuri, lakini ilimlazimu akate kipande kilichosagika na kukitupa. Nadhani unajua ni kipande kipi.

Siku yenyewe ikafika, Jumamosi, tarehe 16 Septemba. Mchungaji aliomba kaburini, tukarudi kanisani, nikaketi kwenye kinanda mbele ya watu nikiwa sijui nitafanya nini nitakapofika mahali pale. Kupiga la kwa kidole niliona ni kumziba mdomo. Kuiacha tupu niliona ni kumzika mara ya pili. Nikakusudia kuiguna mwenyewe, kama yeye. Nilipofika, nikafungua koo, sauti haikutoka.

Lakini wimbo ulikuwa wa kupura mtama. Akina mama wazee waliokuwa kwenye mabenchi walikuwa wameuimba uwanjani kabla sijazaliwa, na walijua unakoelekea. Mmoja akaguna ile la, na wa pembeni yake, na uliporudi tena mahali pale waliguna wote, midomo imefungwa, bila kuambizana. Nikaendelea kupiga. Haikuwa sauti yake. Naomba ulielewe hilo vizuri, maana watu hupenda kunifariji kwamba ilikuwa kama sauti yake. Haikuwa. Sauti yake sijaisikia tena tangu wiki ile, na miaka inavyokwenda sina hakika hata kama naikumbuka ama naibuni.

Nota zake zote ninazo. Nikizipiga leo, kila moja iko mahali pake. Wala sijapata kuolewa tena, ingawa walikuja watu wenye ng'ombe wao.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Karatasi zako usizitupe. Wanaokucheka hawajui kazi iliyomo katika kunakili mkono wa mtu. Lakini kabla hujaifungua karatasi, isikilize rekodi ukiwa mikono mitupu, mpaka umsikie mtu aliyekuwa ameketi pale: anapumua wapi, anachoka wapi, anakwepa nini. Kila utakapoona ameruka, jiulize kama aliruka kwa kupenda ama kwa kuzuiwa, na usibebe kilema cha kinanda chake ukadhani ni ufundi wake. Ukishamjua, piga nota zake mpaka zikubali kukuachia, kisha weka zako, maana Yeremia mwenyewe ndivyo alivyofanya. Na wale ulio nao nyumbani, usisubiri wapige piano ndipo uwarekodi. Simu unayo. Warekodi wakiomba chumvi, wakigombana kuhusu mlango ulioachwa wazi.

Mungu akupe masikio yasiyo na haraka. Akupe vidole vyepesi, na mwalimu mkali atakayekufunikia karatasi kwa wakati unaofaa. Na utakapozeeka, awepo mtu chumba cha pili anayekusikia ukiguna jikoni, na asikwambie unyamaze.