Siku Tuliyopeleka Digrii Nakuru

Tulitoka nyumbani Kuresoi kwa sababu ya dada yangu Chelangat. Mimi nilikuwa likizo fupi ya midterm, na Baba hakutaka nibaki nikimsumbua yeye na ng'ombe wake. Chelangat alikuwa anaomba ufadhili wa kusomea shahada ya uzamili China, ule unaolipa kila kitu, hata ndege. Fomu ilikuwa tayari kwenye mtandao. Ilibaki cheti halisi cha digrii kigongwe muhuri wa wakili upande wa nyuma, kipigwe skani, kitumwe kabla ya saa kumi na moja jioni hiyohiyo. Kwa nini tulingoja siku ya mwisho? Muulizeni daktari aliyekalia fomu yake ya afya wiki mbili.

Saa kumi na mbili asubuhi tulipata lori la viazi. Chelangat alikaa mbele na dereva, mimi nikalalia magunia. Cheti kilikuwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko, mfuko ndani ya koti. Nilimwambia huyo mtoto atakosa hewa.

Salgaa, dereva alisimama tunywe chai. Mama wa hoteli akatuangalia viatu. "Mnaenda harusi?"

"Nampeleka huyu China," nikasema.

"Na wewe?"

"Mimi ni mkalimani."

Chelangat alicheka mpaka chai ikamwagika.

Nakuru, saa nne na nusu, tulikuwa kwa wakili. Karani wake alikigeuza cheti, akakigonga kwa kucha. Ko, ko.

"Madam, nani alilamineti hii?"

"Baba."

Siku ya mahafali Baba alikibeba mwenyewe hadi Molo kikafungwe plastiki ngumu, moshi wa jikoni usikiguse. Kwetu kila karatasi ya maana hufungwa hivyo, hata cheti changu cha ubatizo.

"Muhuri haushiki kwa plastiki," karani akasema. "Itoeni, mrudi kabla ya saa tisa."

Mtaa wa Section 58, hapohapo Nakuru, anaishi Anti Rose, dada yake Baba. Tulifika kwake saa sita. "Hiyo tu? Mimi hutoa nta ya mshumaa kwenye nguo nikitumia pasi."

"Anti, labda niombe chuo kinipe kingine."

"Watachukua muda gani?"

"Miezi."

"Na wewe una masaa mangapi?"

Chelangat akatoa bahasha kwenye koti. Mimi, mdomo wangu huu, nikasema, "Mpe, Chela. Kikiharibika utasema ulisomea kupiga pasi."

Akampa. Anti akakifunika cheti kwa kitambaa, akapitisha pasi ya moto, akaanza kuvuta plastiki.

Kona ya kwanza ilifunguka vizuri na tukapiga makofi. Anti akavuta tena, na jina la dada yangu likaondoka na plastiki. Pale katikati palibaki peupe, pamechanika kama mkate. Anti alizima pasi, akaanza kukunja kitambaa, akakikunja tena na tena.

Tulirudi kwa wakili hata hivyo. Karani alitazama cheti kilichochanika, akasema pole, akamwita mteja mwingine.

Saa kumi na moja ilitukuta njiani kurudi, karibu na Molo. Chelangat aliishika simu mpaka ukurasa ukakataa kufunguka, kisha akaiweka mfukoni. Nilitafuta la kumchekesha. Nililipata, nikaogopa kulisema.

Langoni kwetu akanishika mkono. "Mwambie wewe. Mimi siwezi."

Baba alikuwa anakamua. "Walisemaje Wachina?"

"Baba, plastiki yako ilikataa muhuri. Tukaitoa na pasi, jina likatoka. Muda umeisha."

Baba akacheka, akajipiga paja. "Wewe kijana! Haya, sasa niambie ukweli."

Miaka yote nimemdanganya huyu mzee kwa raha zangu, na sikujua kwamba kuna siku ningehitaji aniamini. Ilibidi niseme yote upya, polepole, bila mchezo, na safari hii nilimwona akisikia.

Hakuniangalia mimi. Alimwangalia Chelangat, mikono bado ina maziwa.

"Nilitaka kidumu," akasema.

"Najua, Baba."

Ng'ombe akapiga ndoo teke, na hakuna aliyeiinua.