Dawa Niliyowapa Ng'ombe wa Mama

Mama hajawahi kununua mbolea. Ana ekari tatu za malisho pale Longonot, na ng'ombe wanne anaowahamisha kona hadi kona ili nyasi zipumzike. Mimi, mtu wa mjini, wa Section 58 na maji ya mfereji, niliona huo ni ushamba mtupu.

Kwa hiyo alipokwenda Busia kumuuguza dadake na kuniachia ng'ombe, nilijitia ujuzi. Nilinunua dawa ya minyoo iliyo kali kuliko zote dukani, nikawamwagia wote mgongoni ipenye ngozini. Nilijiona daktari kabisa.

Mama aliporudi baada ya wiki mbili, alipitiliza moja kwa moja hadi malishoni, akawa anageuza mavi ya ng'ombe kwa ncha ya gambuti. Yalikuwa yamekauka kama chapati zilizosahaulika, na chini yake nyasi zilikuwa njano. Hakukuwa na mdudu hata mmoja. Kwarara, wale ndege wa kelele wanaochokoa hapo kila asubuhi, walikuwa wamehama.

"Umewapa nini?" aliniuliza.

Nilimwonyesha chupa. Akaketi chini, pale pale. Dawa ilikuwa imetoka na mavi, ikawaua wadudu wote waliokuja kuyala. Bila wadudu wa kuyazika yale mavi, udongo wake ungekosa chakula na nyasi zingezidi kufa. Ng'ombe wangekula nini? Sikuwa nimewahi kumwona mama akiogopa, na niliona haya hadi masikioni.

Hakunigombeza. Alimwomba jirani ng'ombe mmoja ambaye hajaonja dawa, akamfunga katikati ya malisho ili mavi yake safi yawavute wadudu warudi. Kila siku tulichungulia mavi yake. Wapi!

Mvua ya kwanza iliponyesha, asubuhi yake nikasikia mvumo. Walikuwa dundu, weusi, wazito, wakitokea upande wa jirani na kujigonga kwenye sweta langu. Walizama ndani ya mavi mabichi kama waogeleaji. Mmoja alikata donge kubwa kumliko, akaligeuzia mgongo, akalisukuma kwa miguu ya nyuma, kichwa chini, akipanda na kuteremka visiki vya nyasi bila kukata tamaa. Nililala kifudifudi, mtu mzima na akili zangu, nikamfuata hadi alipoanza kuchimba. Machozi yalinitoka. Kufikia saa sita lile fungu la mavi lilikuwa limeisha, ardhi imelimeza.

"Hao ndio wafanyikazi wangu," mama alisema nyuma yangu. "Si ungeniuliza kwanza?"

Ningeulizaje? Nilikuwa nimewaua bila hata kujua kwamba wapo.