Nilimkatiza Mgonjwa Akitaja Sindano, Kisha Kuze Akaniuza

Ndugu wasomaji, mwenye kosa ni mimi. Msinitafutie shetani wala mchawi. Mdomo wangu huu huu, uliosomeshwa shule ya jioni pale kambini Juru, nusura uue mtu!

Mimi ni mkimbizi wa kutoka Kivu ya Kusini. Siku nilipopata cheti cha Kiingereza, mama alipiga vigelegele mpaka watu wa kijiji cha pili, Kabingo, wakavaa suti wakidhani kuna harusi. Nikapata kazi ya ukalimani kwenye hospitali moja mjini Mbarara: wagonjwa wa kambi yetu ya Nakivale waseme Kiswahili, wauguzi waulize kwa Kiingereza, mimi katikati kama daraja la chuma. Nikapanga chumba mtaa wa Ruti. Nikanunua viatu vinavyong'aa hivi kwamba ng'ombe wangeweza kujitazama pembe!

Aliyeniingiza kazini ni daktari mmoja, mama mwenye mvi. Maisha yake yote ya udaktari amezunguka hospitali akipigania jambo moja: mgonjwa asiumizwe na wale wanaomtibu. Ndiye aliyeleta desturi kwamba kabla ya sindano, mgonjwa ataje jina lake na dawa zinazomkataa. Ataje mwenyewe! Muuguzi asimtajie, mkalimani asimsaidie.

"Wewe usifikiri kwa mgonjwa," aliniambia. "Yeye anasema, wewe unaleta. Hata anasema ujinga, leta."

Sasa sikieni. Kuze wangu, yaani mtoto wa mjomba, niliyekula naye sahani moja tangu utoto, akanifuata pale hospitalini na shemeji yake, kaka wa mke wake. Mguu wa yule shemeji ulikuwa umevimba, unatoa usaha.

"Kaka, transferi yake, ile karatasi ya kumutuma hospitali, haiyatoka," Kuze akasema. "Amekuja na karatasi yangu."

"Na mgongo wako uliopewa hiyo transferi?"

"Mgongo itangojea. Aseme tu ni mimi. Batu bote banafanya vile. Ao umekuwa Muzungu, sababu ya ile viatu?"

Nikacheka. Laiti ningelia! Neno lile lilinichoma, nikataka nionekane bado mtoto wa nyumbani.

Kwenye chumba cha dawa shemeji alitaja jina la Kuze kama mtu aliyekariri mstari wa Biblia. Muuguzi akauliza kama kuna dawa inayomkataa. Nikatafsiri. Shemeji akanitazama kwa woga.

"Kulikuwa sindano moja kule Nakivale, ilinivimbisha mpaka..."

Lo! Karatasi ya Kuze haikutaja sindano yoyote. Nikaona tumeshikwa. Nikamkatiza hapo hapo.

"Amesema hakuna," nikamwambia muuguzi. Tena kwa Kiingereza safi!

Yesu wangu! Muuguzi akamdunga, na hajaweka bomba la sindano chini, midomo ya shemeji ilishavimba, pumzi inapiga filimbi. Kuze akapiga yowe koridoni. Daktari akaja mbio, wakampigania mpaka akarudi. Alipona, Mungu ni mkubwa.

Jumatatu yake Daktari akatukusanya wote. Muuguzi alikuwa analia, anaamini yeye ndiye aliyekosea.

"Hapa hatutafuti mtu wa kufukuza," Daktari akasema. "Mwenye atasema mwenyewe, mimi nitasimama na yeye."

Nikatazama viatu vyangu. Nilijiambia nikinyamaza itapita, maana Kuze hawezi kunitaja. Damu ni damu, sivyo?

Damu gani! Mwisho wa wiki Kuze aliitwa kama ndugu wa mgonjwa, akaninyooshea kidole mbele yangu.

"Ni yeye alitufundisha kutumia karatasi yangu. Alisema anafanyiaka batu bote vile."

Bila kupepesa jicho! Mtu niliyemficha!

Daktari akawaomba wengine watoke. "Ni kweli?"

"Ya karatasi ameongopa, Daktari. Sikuwafundisha. Lakini ile sindano... mgonjwa aliisema. Nilisikia."

"Ulisikia. Na uliacha muuguzi yangu analia wiki nzima?"

Hakupandisha sauti. Afadhali angenizaba kofi! "Ungesema Jumatatu, ningesimama na wewe mbele ya serikali. Sasa nisimame wapi?"

Kazi ikaisha. Niko Juru, nalima maharagwe. Kuze anakaa benchi la mbele kanisani, "Amina!" yake inatikisa mabati mpaka Tanzania. Ananipita kama kisiki. Naungama, lakini jamani, inauma!

Majuzi shemeji alikuja akichechemea, akakaa nje kwangu.

"Kaka, juu ya nini ulinikata? Mimi nilikuwa ninasema."

Nina lugha nne na cheti. Safari hii nilikaa chini kando yake, nikamwacha amalize.

Basi wewe unayemtafsiria mama yako au jirani yako hospitalini, nihurumie unisikie. Jamaa akikuomba umfichie mtu ndani ya jina la mwingine, kataa, hata akuite Mzungu. Anayekubembeleza mlangoni ndiye wa kwanza kukutaja ndani. Na mgonjwa akianza kusema, hata kama neno lake litaaibisha ukoo mzima, mwache amalize!