Swali la Nyongeza Ambalo Halikuulizwa

Kuna orodha inayozunguka katika simu za watu wa Kashikishi, mji wetu wa wavuvi kando ya ziwa. Imeandaliwa na mtu asiyejitambulisha, naye anadai kwamba ameweka humo kila alichosema bungeni Lusaka mbunge wetu wa zamani. Ni orodha fupi. Mahali panapohusu boti ya wagonjwa pameandikwa: "Alisimama, akamshukuru Waziri, akaketi." Wauza samaki huisoma kwa sauti, wakacheka. Wamempachika jina: Mheshimiwa Asante.

Nimekasirika, wala sifichi. Kwanza, orodha si sahihi. Hakuketi baada ya kushukuru. Aliuliza jambo, nami nitalitaja mahali pake. Tena alisimama mara ya pili kuhusu boti hiyohiyo katika mkutano mwingine wa Bunge, na orodha haina habari hiyo kabisa. Kumbukumbu rasmi zipo, na yeyote anaweza kuziomba. Pili, wanaocheka hawajui ni nani hasa aliyenyamaza. Mimi namjua.

Nilianza kazi nikiwa karani, nikastaafu nikiwa afisa wa utawala, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliifanya hapa Nchelenge, katika ofisi za wilaya ambazo sote tunaziita boma. Mama yangu alitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Ndiyo maana Kiswahili kwangu ni lugha ya nyumbani, wakati majirani zangu wengi hukitumia tu wanapopatana bei na wafanyabiashara wa huko.

Mtu ambaye hajawahi kufanya kazi serikalini hudhani kwamba Waziri akisimama kujibu swali la mbunge, anasema anachokijua. Sivyo. Swali hutoka Bungeni likaenda wizarani, likashuka mkoani, likafika wilayani kwenye meza ya mtu mmoja anayejua jambo lenyewe. Kwa miaka mingi mtu huyo nilikuwa mimi. Niliandika jibu la msingi, yaani lile ambalo Waziri atalisoma. Kisha, kwenye karatasi ya pili, niliandika maelezo ya akiba: mbunge akiuliza hili kwa nyongeza, jibu ni hili, akiuliza lile, jibu ni lile. Karatasi ya kwanza husomwa kila mara. Ya pili husomwa ikiwa tu swali lake limeulizwa. Lisipoulizwa, karatasi hurudi kwenye faili na faili hurudi kabatini.

Ni lazima nieleze jambo moja zaidi, kwa maana ndilo lenye uzito. Waziri akitamka ahadi mbele ya Spika, ahadi hiyo huandikwa na kufuatiliwa, na wizara hudaiwa utekelezaji wake. Ahadi iliyomo kwenye karatasi ya pili, ikiwa haijatamkwa, haimbani mtu yeyote.

Mbunge wetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuingia siasa. Aliketi viti vya nyuma, hakuwa waziri wala naibu. Alipeleka swali hili: ni lini Serikali itakipatia kituo cha afya cha kisiwani boti ya kuwavusha wagonjwa? Swali lilinifikia, nikaona mara moja kwamba limekosewa. Boti ilikuwa imekwisha kutolewa muda mrefu. Kilichokosekana ni injini, ambayo idara nyingine iliiazima kwa wiki mbili, ikaifunga kwenye boti yake, isiirudishe. Watu wa kisiwa waliligeuza bodi la boti kifudifudi ufukweni, wakawa wanaanika juu yake chisense, dagaa wa ziwa letu. Yeyote aliyepita pale aliona samaki wakikauka.

Niliandika jibu la msingi: boti ilinunuliwa, ikakabidhiwa, na ipo katika kituo cha afya cha kisiwa. Kila neno lilikuwa kweli. Kwenye karatasi ya pili niliandika mambo matatu. Akiuliza kama boti inafanya kazi: hapana, haina injini. Akiuliza injini iko wapi: imeazimwa na idara fulani. Akiuliza itarudi lini: ndani ya siku thelathini. Hizo siku thelathini nilizipigania kwa simu siku mbili nzima, hadi wakubwa wa idara ile wakakubali ziandikwe. Nilijivunia kazi ile.

Wiki moja kabla ya kikao, mbunge alikuja ofisini kwangu. Alisalimia, akauliza habari za mke wangu, akavuta kiti mwenyewe.

"Ba tata," aliniambia, kwa adabu ya mtu wa huku anapozungumza na aliyemzidi umri, "swali langu limefika?"

"Limefika, Mheshimiwa."

"Limekaa vizuri?"

"Limepokelewa."

Akacheka. "Mimi nimesahihisha madaftari miaka kumi na tisa. Mtu akiniambia limepokelewa, najua nimepata sifuri. Nikipewa nafasi ya nyongeza, niulize nini?"

"Mheshimiwa, mimi ndiye ninayemwandikia Waziri. Siwezi kuwaandikia ninyi wawili."

"Sikuombi uniandikie. Nielekeze kwa kidole tu."

"Hata kidole ni cha Serikali."

Alicheka tena, safari hii kwa uchovu. Akasema kwamba alifika kisiwani na kumhoji mkunga wa kituo. Mkunga alimjibu kwamba kuna waraka unaowakataza watumishi kuzungumza na wanasiasa bila kibali cha maandishi. Waraka huo ulitoka kwangu. Sikumwambia. Alisimama, akanipa mkono, akasema, "Basi nitauliza kwa akili yangu, nayo unaijua."

Siku ya kikao umeme ulikuwa umekatwa kwa zamu ya mtaa wetu. Nilishuka hadi Kashikishi, kwenye duka la mama mmoja Mkongo mwenye redio ya betri. Aliuza chumvi na vitenge, na kila wiki alivuka kisiwani kununua na kuanika chisense. Kiingereza hakukijua. Waziri alipoanza kusoma, alipunguza sauti ya wateja wake kwa kuwapungia mkono.

"Tata ya boma, uyu anasema nini?"

Nikamtafsiria maneno yangu mwenyewe: kwamba boti ya wagonjwa ilinunuliwa, ikakabidhiwa, na ipo kwenye kituo.

"Masua ya bagonjwa? Ile minaanikaka samaki juu yake?" Akapiga makofi. "Eh, batu ba Lusaka banajua chanja yangu kuliko miye! Mubambie basi balete na mugonjwa, nimwanike!"

Duka zima likacheka. Kisha akanitazama, uso umebadilika. "Weye njo mutu ya biro. Sema: iko na motere ao hapana?"

Alikuwa akiuliza kuhusu injini. Nilimwambia asikilize, mbunge amesimama.

Palipita kimya kifupi redioni. Leo naelewa kilichokuwa ndani ya kimya kile: mtu aliyekuja kuomba boti ameambiwa mbele ya taifa kwamba boti anayo. Alimshukuru Waziri kwa taarifa hiyo. Kisha akauliza ni lini barabara ya kutoka bandarini hadi sokoni itatiwa lami. Spika akamwambia kwamba hilo ni swali jipya. Wabunge wakacheka, na shughuli zikaendelea. Karatasi ya pili ilirudi wilayani ikiwa haina hata mkunjo. Niliiweka kwenye faili.

Miezi mitatu baadaye, katika majira ya upepo wa kusini, mwanamke mmoja wa kisiwani alijifungua salama, kisha damu ikakataa kusimama. Mkunga na mume wa mwanamke huyo walimlaza kwenye mtumbwi wa kasia, wakavuka naye tangu asubuhi. Mawimbi yalikuwa dhidi yao njia nzima. Walifika Kashikishi mchana, na wapakuaji waliokuwa wakishusha magunia wakaacha kazi ili wambebe. Alikata roho kabla hajafikishwa barabarani. Mtoto alibaki hai. Taarifa ya mkunga ililetwa kwenye meza yangu. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, yenye mwandiko ulionyooka, haikumlaumu mtu. Niliigonga mhuri wa kupokelewa.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Sikuondoka na karatasi yoyote ya ofisi. Sikuona haja, kwa sababu nilizikumbuka. Asubuhi ya kwanza ya kustaafu kwangu nilivaa koti, nikaenda nyumbani kwa mbunge, ambaye alikuwa amebakiwa na vikao vichache. Nilimtajia maswali matatu ya nyongeza kwa mpangilio wake, nikamwomba ayaandike.

Aliandika. Kisha akaweka kalamu chini.

"Kwa nini leo, ba tata?"

"Jana nilikuwa mtumishi wa Serikali. Leo ni mpiga kura wako."

"Siku ile nilipokuja kwako, yalikuwa wapi haya?"

"Kwenye faili, chini ya mkono wangu."

Akasoma tena alichoandika. "Ile boti niliiegemea," alisema. "Niliiegemea nikihutubia watu. Nilidhani ni chanja." Hakunilaumu zaidi ya hapo, na mimi sikumwomba radhi, kwa kuwa niliamini bado kwamba nilifuata kanuni. Kanuni nilizifuata. Hilo nalo liwekwe kwenye kumbukumbu.

Alipeleka swali jipya, akapewa nafasi, akauliza ya nyongeza kama nilivyomtajia. Waziri alisoma kutoka karatasi ya pili, ambayo safari hii iliandikwa na mwingine aliyenirithi meza: siku thelathini. Ilitamkwa, ikaandikwa. Injini ilirudishwa kabla siku hazijaisha.

Nilivuka kwenda kisiwani siku ya kuikabidhi, ingawa hakuna aliyenialika. Bodi lilikuwa limegeuzwa, limesuguliwa, bado linanuka samaki. Fundi alikuwa akikaza bolti za injini, na kando yake alisimama mwanamume amekumbatia dumu la mafuta. Mkunga alinitambua. Tulisalimiana kama watu wa kazi.

"Ba Sista," nilimwambia, "nimekuja kuona kwamba imefika."

"Imefika, mukwai." Alijibu kwa neno la heshima la huku, kisha akauliza. "Tulisikia redioni. Siku thelathini. Ni ahadi mpya, au ilikuwepo tangu swali la kwanza?"

Ningeweza kumjibu kwamba nyaraka za ndani hazijadiliwi. Sentensi hiyo nimeisema maisha yangu yote na ilinijia mdomoni yenyewe.

"Ilikuwepo," nilisema. "Niliiandika mimi."

"Kabla ya yule mama?"

"Kabla. Miezi mitatu."

Hakupandisha sauti. Aliniambia tu, "Aliyeshika dumu ndiye mume wake. Mwambie yeye. Mimi nimechoka kuwa mtu wa kumwambia mambo."

Nilimwendea. Nilimweleza yote kwa utaratibu: swali lilivyoletwa, nilivyolijibu, karatasi ya pili, mbunge alivyokuja kwangu akiomba nimwelekeze, nilivyomkatalia. Alisikiliza hadi mwisho bila kuliweka dumu chini, ingawa lilikuwa limejaa. Kisha akauliza jambo moja.

"Mbunge alijua?"

"Hakujua."

"Basi huku tumemtukana bure," alisema. Akanipita, akaingia majini hadi magotini, akaanza kumimina mafuta kwenye injini.