Kitanda Nilichokikata Miguu

Mgeni akiingia kwangu Zinga kwa mara ya kwanza husimama mlangoni na kusema, "Mashallah, hapa ni kama makumbusho." Zamani nilikuwa nikilipenda sana neno hilo. Siku hizi nikilisikia natamani kumrudisha nje.

Nyumba niliijenga polepole kwa mshahara wa ofisini Dar, na ilipofika zamu ya kutia vyombo nikaapa kwamba sitaki makochi ya kung'aa kama ya kila mtu. Mimi ni mtu wa Bagamoyo, na ukoo wetu una vitu. Nikaanza kuzungukia ndugu. Shangazi yangu wa Kiwangwa akanipa kinu cha mama yake, nikakifunika kioo kikawa meza ya sebuleni. Mtungi ukawa taa. Sinia la shaba lililopakuliwa pilau za maulidi tangu sijazaliwa nikalitundika ukutani, na mbuzi ya kukunia nazi nikaitundika karibu yake, meno juu. Nazi nilikuwa nakunia mashine. Kila kitu nilichokileta nilikiachisha kazi, nikajisifu kwamba nimekiokoa.

Kilichobaki kilikuwa kitanda.

Kilikuwa cha bibi, mzaa mama. Mbao zake zilikuwa nyeusi kwa umri, upande wa kichwani zimechongwa maua, na matendegu yake, yaani ile miguu minne, yalikuwa marefu kiasi kwamba mama, aliyekuwa mfupi, alipanda kwa kukanyaga kibago, kigoda kidogo. Hakikuwa na ubao wa kulalia. Kilikuwa kimewambwa kamba za usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, zimepita kwenye matundu ya mbao za ubavuni.

Mtaani kwetu kitanda hicho kilijulikana kuliko sisi wenyewe. Mtu akifariki, ndicho alichooshewa. Kinapelekwa kwenye chumba cha uani, chini yake unachimbwa mfuo, shimo la kupokea maji, na kamba zinalegezwa ili maji yapite. Urefu wa matendegu ndio unaowawezesha waosha kufanya kazi bila kuumia migongo. Bibi alioshewa hapo, na babu, na majirani, waliotupenda na wasiotupenda. Kazi ikiisha kinasuguliwa, kinaanikwa juani, kinawambwa upya, na mama anatandika shuka lake analala. Rafiki zangu wa Dar nikiwasimulia wanasisimka mwili. Sisi hatukuona ajabu yoyote. Mimi mwenyewe nilizaliwa juu yake.

Mnunuzi wa vitu vya kale alipoanza kupita mitaani, na kaka yangu aliyekuwa akiishi na mama akaanza kumsikiliza sikiliza, nilifunga safari siku hiyo hiyo.

"Mama, nipe kitanda nikakihifadhi."

"Kuhifadhi ndiyo kukipeleka Zinga?" Akacheka. Kisha akanitazama. "Haya, kichukue. Lakini kikihitajiwa mtaani kirudi. Na siku yangu ikifika mnioshee hapo hapo. Msinilaze juu ya kile kitanda cha chuma cha msikitini, mwanangu. Kile kina baridi hata kwa asiye na roho."

"Inshallah mama. Mungu akuweke."

Niliitikia haraka, huku macho yangu yako kwa vijana waliokuwa wakikipakia, wasije wakakigonga kwenye mlango.

Kilipofika kwangu, godoro langu jipya lilikuwa nene. Fundi akaliweka juu, akarudi nyuma, akacheka. "Dada, hapa utahitaji ngazi." Nami nikacheka. Nikamwambia akate matendegu. Alikata zaidi ya shibiri moja kila tendegu. Akatoa kamba, akapigilia chaga kwa misumari, matundu akayaziba kwa gundi na unga wa mbao, akamalizia kwa vanishi. Zile kamba kuukuu nilimwambia azichome pamoja na takataka. Vile vipande vinne vya matendegu sikuvitupa, kwa sababu mimi ni mtu wa kuthamini vya kale. Nilivipanga dirishani nikaweka mishumaa juu yake.

Nisitafute kisingizio. Sikuwa mgeni wa mila wala mtoto mdogo. Nilijua kazi ya kamba na kazi ya kile kimo. Nilijiambia tu kwamba watu siku hizi wanaoshewa msikitini, kwamba maneno ya mama ni maneno ya wazee, na siku yake iko mbali.

Mama alikuja kunitembelea mara moja, siku ya pili ya Idi. Asubuhi nilitandika shuka pana likafika mpaka kwenye vigae, nikazunguka kitanda kukihakiki kila upande. Hapakuonekana kitu. Akaingia, akasifu mapazia, akashika yale maua ya kichwani kwa vidole, akakaa kitandani kwa nguvu kidogo kama alivyozoea kujirusha.

Nyayo zake zikafika sakafuni.

Akaangalia miguu yake, akavichezesha vidole juu ya vigae.

"Leo nimefika chini," akasema.

Nilijifanya sikusikia, nikaenda jikoni kuangalia chai ambayo ilikuwa tayari ndani ya chupa. Niliporudi alikuwa amehamia kwenye kiti. Hakuuliza. Mimi ninayeweza kugombana na karani mbele ya foleni nzima sikupata neno moja la kumwambia mama yangu, na yeye akanistahi. Ningependelea anitukane.

Baada ya hapo, kila nilipokwenda Bagamoyo Jumamosi nilimkuta ameketi kwenye mkeka, amenyoosha miguu, anasokota usumba juu ya paja.

"Shikamoo mama. Unasuka nini?"

"Marahaba. Kamba."

"Za nini?"

"Za kazi."

Paja lilikuwa limekuwa jekundu. Nikamwambia apumzishe mikono, nitamletea kamba za nailoni dukani, nzuri kuliko hizo. Akacheka mpaka akakohoa.

Alifariki asubuhi, baada ya kuswali alfajiri, akiwa bado ameshika tasbihi. Kaka yangu alinipigia simu, akalia, kisha akasema maneno niliyokuwa nikiyaogopa: "Lete kitanda. Mfuo unachimbwa. Tunazika baada ya adhuhuri."

Nilikodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nikakaa nyuma na kitanda, nimeshika nyundo. Sijui nilidhani nyundo itarefusha nini. Njia nzima nilikuwa nikihesabu misumari ya fundi na kujiambia kwamba chaga zikitoka, tukiweka matofali chini, itawezekana. Hata kulia nilikuwa sijalia.

Wanawake walikuwa wamejaa uani. Walipoona kitanda kikishushwa walipisha njia. Mwosha wetu ni bibi mmoja jirani, aliyeshirikiana na mama katika kazi hiyo miaka mingi. Alikisogelea, akasimama karibu yake. Mbao za ubavuni zilimfika magotini. Akapitisha kiganja kwenye vanishi akatafuta matundu, akayakuta yamezibwa.

"Nani kafanya haya?"

"Mimi."

Kaka yangu akachukua nyundo akaanza kung'oa chaga. Misumari ilikuwa imeingia sana. Ubao wa ubavuni ukalia, kisha ukapasuka kwa urefu, mbele ya watu wote. Tukajaribu kukiinua kwa matofali, kikayumba. Mtu hakuthubutu kusema tumlaze hapo. Kutoka nje akaja mzee kuuliza kama tuko tayari, maana adhuhuri imekaribia.

"Mwanangu," yule bibi akaniambia, "maiti hawekwi akasubiri. Kaleteni kile cha msikitini."

Basi wakakileta kile chuma. Hakikuenea kwenye mlango wa chumba cha uani, kwa hiyo tulizungushia kanga pale uani tukamwoshea hapo. Mimi nilikuwa mmiminaji. Maji yenye majani ya mkunazi yaligonga bati kwa kelele, na kila kelele ilikuwa inanisema mimi. Nilipomwinua bega ili ageuzwe, mgongo wa mkono wangu ukagusa chuma. Kilikuwa cha baridi, kama alivyosema. Hapo ndipo nililia, na yule bibi akaniambia nilie pembeni, machozi yasimwangukie.

Mfuo uliochimbwa chumbani haukuingia tone. Kaka yangu aliufukia mkavu.

Siku ya tatu, baada ya hitima, yule bibi alinishika mkono akanipeleka chumbani kwa mama. Akainama chini ya kitanda cha kawaida alichokuwa akilalia marehemu, akavuta gunia. Ndani mlikuwa na kamba za usumba, mpya, zimekunjwa vizuri mizunguko kwa mizunguko.

"Jirani zetu walipofiwa tulikuja kwake kukiazima," akasema. "Kila mara alituambia kiko kwa fundi, kinatengenezwa, binti yake anakishughulikia. Akasuka hizi. Alisema kikirudi atakiwamba mwenyewe."

"Alijua nimekikata, bibi. Alijua."

"Najua alijua. Sisi wote tulijua, mwanangu. Fundi wako ana mdomo."

Nilikaa sakafuni na lile gunia mapajani. Mama alinifichia aibu mbele ya watu waliokuwa wakijua, nao wakamsitiri yeye kwa kujifanya hawajui, na wafu wa mtaa wakapelekwa kwenye chuma mmoja baada ya mwingine kwa sababu ya godoro langu.

Kitanda sikukirudisha Zinga. Nilikiacha nyumbani kwa mama. Nilichokoa gundi kwenye matundu kwa bisibisi, tundu moja moja, siku kadhaa. Vile vipande vinne nilivipeleka kwa fundi mwingine, mzee. Akaja akaviunga, akavitikisa kwa mkono mmoja, akaniambia ukweli: vitasimama, lakini uzito wa mtu havitabeba. Nikamwambia aviondoe, aunge tu ule ubao uliopasuka na kung'oa chaga zilizobaki.

Kisha nikakiwamba. Sikuwahi kujifunza, yule bibi alinielekeza kwa maneno, mwenyewe hakukigusa. Kamba za mama zilitosha toka tundu la kwanza mpaka la mwisho, na zikabaki kidogo za kufungia. Alikuwa amevikadiria vipimo kwa kichwa tu.

Kiko pale chumbani, kimewambwa, kifupi. Mwezi uliopita alifariki jirani wa nyumba ya tatu. Nilikuwepo. Niliwasikia vijana wakipita barazani kwetu kwenda msikitini kuchukua kile chuma, na hakuna aliyebisha hodi.