Risasi Ziko Macho

Upande wa Kisorya, yowe likipigwa, kila mwenye miguu hukimbilia lilikotokea na panga au rungu, asiyekwenda hutengwa. Lakini tangu majambazi wa ziwani waanze kuja na bunduki, wazee waliweka neno la pili: "Ziko macho!" Maana yake risasi bado zinapigwa, lala chini, usitoke. Zikikoma, huitwa, "Zimelala!" ndipo watu watoke.

Dorotea ndiye aliyeita "Ziko macho!" asubuhi mwalo, ufuko wa wavuvi, ulipovamiwa. Alikuwa akianika dagaa. Alimwona jirani yake Baltazar akianguka, na mwenye bunduki amesimama juu ya jiwe, akiendelea kufyatua. Wanaume walikuwa wameshaanza kuteremka na mapanga yao. Akaita kwa nguvu zake zote. Wakalala. Baltazar akavuja damu pale ufukweni hadi majambazi walipomaliza kupakia mashine za mitumbwi. Waliompeleka hospitali Bunda hawakufika naye akiwa hai.

Tangu hapo Dorotea akifika kisimani, wenzake hubeba ndoo na kuondoka. Alianza kumjibu mtangazaji wa redio anaposalimu asubuhi.

Siku ya kumaliza msiba, Jilala, mwenyekiti wa kitongoji, alimwita mbele ya watu.

"Mama, kinakushinda nini? Sema uliharakisha neno, ule na wenzako. Yaishe."

"Siku ile mdomo ulikuwaga mpana," mwanamke mmoja akadakia. "Leo umeshonwa?"

Watu wakacheka. Rhobi, mjane wa Baltazar, hakucheka. Akasogea kwenye mkeka, akaacha nafasi.

"Dada, sema tu. Hata mimi nimechoka kukupita njiani."

Nafasi ile ilimvuta Dorotea kuliko chakula. Lakini ukweli hauna shemeji. Akikana leo, kesho neno likiitwa vijana watasimama kwanza wajiulize kama mwitaji ameharakisha, na risasi haimsubiri anayejiuliza.

"Nilimwona akijaribu kuinuka," alisema. "Namwota mpaka leo. Lakini zilikuwa macho, Rhobi. Siwezi kusema zilikuwa zimelala."

Rhobi akajifunika uso kwa khanga.

"Basi nenda kwako," Jilala akasema.

Dorotea akavaa kandambili zake, akapita katikati ya wanaume waliolala chini asubuhi ile wakapona. Walikuwa wananawa mikono. Mmoja akavuta mguu kumpisha, akaendelea kunawa.