Paji Lisilo na Joto

Niliacha kuendesha lori kwenye maghala ya Al-Sulay, Riyadh, kwa sababu vumbi lilinichosha na sikuwa nimewahi kuishi mji wenye bahari. Kafili, mwajiri aliyenidhamini, hakunizuia. Jeddah nilipata kitanda mtaa wa Al-Baghdadiyah, chumba kimoja na wanaume wawili: nesi wa Tanga, na mzee wa Lamu aliyekuwa mlinzi wa jumba moja Al-Rawdah. Mzee alikuwa na kisukari. Nesi alimchoma sindano zake na kumficha tende, kama angemfanyia babake.

Korona ilipoingia, niliona nina bahati kulala chumba kimoja na nesi. Shule niliiacha darasa la saba, maswali sikuyaacha, naye hakuchoka kunijibu. Miaka ya nyuma alikuwa amewauguza wagonjwa wa homa ya ngamia, akauona ugonjwa huu mpya kuwa ndugu wa homa ile.

"Anayeambukiza ni yule aliyelala kitandani anawaka," alituambia. "Asiye na homa hana cha kumpa mtu."

Wenzake wodini, waliokuwa wameiona ile ya kwanza, waliamini vivyo hivyo.

Ramadhani ile misikiti ilikuwa imefungwa na jioni hatukuruhusiwa kutoka. Kabla ya magharibi nesi alisimama mlangoni na kipimajoto, akatupima paji mmoja mmoja, akajipima na yeye. Ndipo tulipoketi kwenye sinia moja. Mimi ni Mkristo wa Kisumu, na mzee hakuniacha nisahau.

"Huyu kufunga hafungi, lakini kufungua ndiye wa mbele."

"Nawasindikiza tu, mzee."

Jioni moja nesi alionja uji, akaweka kikombe chini. "Mzee, iliki leo umemuuzia nani?"

"Ulimi umeuacha kazini wewe. Uji wanukia mpaka barabarani."

Ulinukia kweli. Nesi aliunusa, akaunusa tena, akasema ni uchovu. Paji lake halikuwa na joto. Tukala, naye akammegea mzee samaki kwa mkono wake, akimtolea miiba.

Siku chache baadaye mzee alianza kukohoa, na safari hii kipimajoto kilipiga kelele. Gari la wagonjwa likamchukua. Sisi tulipopimwa, sote wawili tulikutwa na korona, wala hakuna aliyekuwa na homa. Nesi aliniuliza jambo moja tu: ule uji alioona hauna iliki ulikuwa lini. Nilipomwambia, alilala akaelekea ukutani.

Mzee hakurudi. Watu wa hospitali walimzika sisi tungali tumefungiwa ndani. Binti yake alipiga simu kutoka Lamu, na nesi akaiweka sauti wazi.

"Kaka, baba alikuwa akisema wewe ndiwe daktari wake. Aliupata wapi? Kule kwa bosi?"

Ingekuwa rahisi kuitikia. Jumba lile lilikuwa na wageni wengi.

"Aliupata kwangu, dada."

Kule nikasikia mtoto analia na mtu anambembeleza. Kisha binti akauliza kama babake alioshwa.

"Sijui. Nitauliza."

Simu ilipokatika nesi alinigeukia. "Wewe wajuana na madereva. Yuko anayebeba maiti?"

Nilisema sina hakika, nikachukua simu yangu na kuanza kuwapigia.